Sionji

Miaka kumi na mmoja nimesimama nyuma ya kaunta hii,
Recife, mtaa ulio nyuma ya kituo cha zimamoto,
nachanganya nisichokinywa.
Ndimu naikata vipande vinane, uti wake mweupe nautoa,
maana huo ndio unaotia uchungu,
naiponda na sukari kwa mchi wa mti, taratibu,
si kama mtu anayetwanga kisamvu.
Kisha barafu. Kisha kashasa,
maji ya miwa yaliyokwenda motoni
yakarudi na hasira.

Wanasema mwonja asali haonji mara moja.
Basi mimi sionji hata hiyo mara moja.
Napima kwa sikio: barafu ikigonga kioo kwa sauti kavu, bado;
ikianza kunong'ona, tayari.
Napima kwa uso wa Dona Zuleide,
karani mstaafu wa kodi,
asiyesamehe deni wala sukari iliyozidi.
Akifumba jicho moja, nimepatia.
Akifumba yote mawili, nimepatia mno,
nimwitie teksi.

Ijumaa wanakuja wa benki, tai mfukoni,
wanataka batida ya nazi,
ile inayoshuka kooni kama maziwa
na kupanda kichwani kama mwenye nyumba tarehe moja.
Wasichana wa chuo cha uuguzi wanataka pasheni, mbegu zielee.
Mmoja wao, Jucilene, ana mimba ya miezi minne,
hajamwambia mtu ila mimi,
tena kwa maneno mawili: "Yangu bila."
Yake bila. Mbegu zilezile, povu lilelile.

Jumanne moja akaingia Anacleto.
Zamani tulikunywa pamoja, mimi na yeye:
tulikunywa baiskeli yake,
tukanywa cherehani ya mama yangu,
tukamalizia na majina yetu.
Akakaa pembeni, mikono chini ya meza
isionekane inavyocheza.
"Siku ya tatu," akasema.
Sikuuliza siku ya tatu ya nini.
Wenzake wa gereji wakamwona, wakapaza sauti:
"Lindalva! Mpe huyo dawa yake!"
Nikaona koo lake likipanda na kushuka, tupu.
Kuomba maji mbele ya wale
ni kuvua nguo sokoni.

Nikachukua ndimu mbili, nikaziosha,
nikazitia kwenye blenda pamoja na maganda,
sukari, maji baridi, barafu,
kijiko kikubwa cha maziwa mazito ya kopo.
Sekunde tano tu; zikizidi, ganda hulipiza kisasi.
Nikachuja. Nikamimina kwenye bilauri ileile fupi, nzito,
kipande kilekile cha ndimu ukingoni,
mrija uleule mwekundu.
"Batida ya Anacleto!" nikatangaza, baa nzima isikie,
na bei nikamtoza ileile,
maana heshima ya bure haina uzito.

Akanywa.
Akafumba jicho moja.
Wa gereji wakagonganisha naye bilauri,
wakarudi kwenye mpira wao.

Jumatano alikuja.
Alhamisi alikuja, sarafu kamili mkononi.
Ijumaa nikasaga mapema, wa benki hawajajaa.
Saa moja. Saa mbili. Bilauri inatoka jasho.
Jucilene akauliza ni ya nani, nikajifanya sikusikia.
Kinywaji kile hakingoji mtu:
ukikiacha, uchungu wa ganda hupanda juu polepole.
Saa tatu nikakiinua,
nikaonja.
Kilikuwa kimeanza.
Nikakinywa chote, nikaosha blenda,
ndimu mbili nyingine nikaziweka kando.